Kikao Mlichokaa Juu ya Mkamwana Wangu

Dar es Salaam, jirani na bandari,
mwezi ambao ninyi huko mnavuna ulezi

Kwa mdogo wangu Kasiano,

Mama alitulea kwamba mtu hasemi neno lake kabla hajauliza hali, basi nauliza. Hujambo wewe, hawajambo watoto, ng'ombe wapo wote, ulezi umekauka vizuri, kifua cha mke wako kimetulia? Kama yote ni mema namshukuru Mungu, na wewe sasa kaa chini. Mimi sijambo kwa upande mmoja wa kichwa.

Barua hii uisome kwa sauti mbele ya wale wale uliokaa nao kikao. Usimpe katekista aisome, ataruka maneno kwa upole wake. Soma wewe, na ukifika mahali panapokuchoma usijikohoze. Nimeiandika kwa mkono wangu. Mimi kalamu niliishika nikiwa na mvi, katika darasa la watu wazima, na wote mnakumbuka ni nani aliyesoma lile bango la ghala la kijiji tangu mwanzo mpaka mwisho siku ambayo balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa bado anaitafuta herufi ya kwanza. Kwa hiyo asitokee mtu kusema mzee kaandikiwa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule yule dereva wa lori la mahindi aliyeuanzisha uchafu huu. Nimeisoma. Unasema wazee mmekaa, mmeona kwamba mimi na mkamwana wangu Paskalina, mke wa mwanangu Fortunati, tumevunja heshima ya ukoo kwa kufungiwa pamoja ndani ya pipa. Unasema mmepeleka watu Muze kwa baba yake, amchukue binti yake mpaka aje na mbuzi wa kusafisha. Unasema mmefanya hivyo kwa kunihurumia. Kasiano, nani alikutuma unihurumie?

Nitaanza mwanzo ili wote wajue mlichokifanya, maana naona mmekaa kikao juu ya kitu msichokijua hata rangi yake.

Sikio lilianza kuniwasha tulipokuwa tunapandisha matuta. Nikalichokoa kwa kijiti, na nani hapo hajachokoa sikio. Likavimba, likatoa usaha, likanuka mpaka mbwa wangu akawa analala mlango wa jirani. Zahanati wakanipa vidonge, Sumbawanga mjini wakanichoma sindano mpaka kanisani nikawa nasikiliza misa nzima nimesimama, bure. Maumivu yake sitaki kuwaeleza, ila mimi niliyewahi kung'olewa jino bila kushikwa na mtu niliuma blanketi. Baadaye shavu la kushoto likaanguka, jicho likakataa kufumba, uji ukawa unatoka pembeni ya mdomo. Hata hivyo nilikuwa bado nakuzidi kwa sura. Ndipo Fortunati, ambaye anaendesha winchi hapa bandarini, akanitumia nauli, nikapanda lori mpaka Tunduma na treni mpaka huku.

Daktari wa hapa alinipima akasema, "Mzee, una sukari kwenye damu."

Nikamwambia, "Daktari, sukari haipo kwenye duka la kijiji tangu mavuno yaliyopita, na wewe unasema mimi ninayo?"

Alicheka, halafu hakucheka tena. Akaniambia ugonjwa wa kisukari ndio ulioufanya ugonjwa wa sikio uwe mkali, umetoka kwenye ngozi umeingia kwenye mfupa wa fuvu. Akasema ukiachwa utakwenda mpaka kwenye ubongo na hapo hakuna atakachoweza kufanya. Sindano peke yake hazitoshi, kwa sababu dawa inasafiri na damu, na damu haifiki vizuri kwenye mfupa ule. Mfupa unakosa hewa, na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu hawapigani bila hewa. "Tutaendelea na sindano," akasema, "lakini nataka pia uvute hewa safi ya oksijeni chini ya mgandamizo, mpaka hewa ilazimike kuingia mle ndani."

Sasa pipa lenu ndilo hilo. Ni tanki la chuma, refu kama chumba cha kulala, lina kitanda, kiti na kidirisha cha kioo kinene. Liliwekwa kwa ajili ya wazamiaji wanaokwenda chini ya maji kutengeneza nguzo za gati. Wakipanda juu haraka, hewa inachemka ndani ya damu yao na viungo vinajikunja, basi hufungiwa mle wakatulizwa pole pole. Daktari alikwenda kuwaomba wakubwa wa bandari waliazime kwa sikio la mkulima mmoja wa Ufipa. Sikio langu, Kasiano. Wewe lako limewahi kuombewa nini?

Sikuogopa. Walinionyesha mlango, nikakigonga kile chuma kwa kifundo cha kidole, nikawaambia mimi ni mtoto wa mtu aliyechoma mawe kwenye tanuru akatoa jembe, chuma hakinitishi. Fundi anayeendesha mitambo ile, Mpemba mmoja mwembamba mwenye maneno, akasema, "Basi leo chuma kitakuchoma wewe, mzee wa bara."

Shida haikuwa chuma. Mgonjwa hafungiwi peke yake. Hewa ile ikizidi mtu anaweza kushikwa na degedege, na mlango haufunguki mpaka mgandamizo ushushwe taratibu, kwa hiyo lazima muuguzi awe mle ndani naye. Na si kila muuguzi, bali yule aliyekwisha kujaribiwa mle akaonekana anaweza. Hospitali nzima wako wawili. Mmoja ana mimba, na mwenye mimba haruhusiwi kuingia. Wa pili ni Paskalina.

Mnajua ninyi nyote kwamba kwetu mkwe na mkamwana hawali pamoja, hawaangaliani kinywani, hawakai chumba kimoja mlango ukafungwa. Mimi ndiye ninayejua kuliko ninyi. Nimekaa nyumbani kwa mwanangu tangu nilipofika, na chakula analeta Fortunati, yule binti anapita nyuma ya nyumba nikiwa barazani. Hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyetuelewa, na hatukuhitaji kueleweka.

Siku ya kwanza nilimwambia daktari atafute mwingine. Akasema hakuna. Nikamwambia nitasubiri yule mwenye mimba ajifungue. Akaniangalia shavu langu, akasema, "Mzee, mimba ile ni changa. Wewe huna muda huo."

Nikaingia. Kwanza walinivua koti, wakaninyang'anya kiberiti, tumbaku na hata mafuta ya nywele, maana mle ndani cheche moja inatosha, wakanivika shuka na kanzu ya pamba. Paskalina aliingia kwa kurudi nyuma, uso kwa mlango. Nami nikageukia ukuta nikajifunika shuka kichwani. Ndivyo tulivyofungiwa. Huo ndio uchafu mliouonea aibu.

Hewa ilipoanza kuingia kwa kelele, mle ndani kukawa joto kama jiko. Fundi alikuwa ametufundisha kwamba masikio yataziba, na kila yakiziba mtu ameze mate, apige mwayo, au abane pua apulize. Anaongea kwa simu, sauti inatokea kwenye tundu: "Mzee, piga mwayo. Yanasikia masikio?"

Mimi nipige mwayo, nimwachamie mkamwana wangu kama kiboko? Nikainua mkono nikawaonyesha waendelee. Sikio la kulia, lile lisiloumwa, likaanza kubana. Nikainua mkono tena. Fundi akasema, "We mzee wabana mdomo, unazama au unasali?" Nikasikia kama kitu kimechanika ndani ya kichwa, damu ikatoka kwenye sikio langu zuri. Paskalina akaiona kwenye shuka, akapiga kelele kwenye simu wasimamishe.

Daktari alifoka sana. Akaniuliza kwa nini sikufanya nilivyofundishwa. Nikamwambia hayo ni mambo yangu. Sikukosea na leo sisemi nilikosea. Nililinda heshima ya mtoto wa watu kwa sikio langu mwenyewe, na hapo kwenye kikao chenu hakuna mwanamume aliyewahi kuilinda kwa kiungo chochote.

Wakanipumzisha mpaka sikio lile lipone kidogo. Nilipokuwa nimelala, Paskalina alikuja akapiga magoti nje ya pazia la kitanda, akapiga makofi ya heshima kama wanavyofanya mabinti wa kwetu, akasema kwa Kifipa, taratibu, "Baba, mimi najua kwa nini hukufungua mdomo. Daktari hajui, sikumwambia. Lakini nyumbani kuna njia ya kufungua."

Njia ipo, na ninyi mnaijua. Mwenye umri akitaka kuiondoa haya kati yake na mkwe, anatoa kuku kwa mkono wake na kusema neno mbele ya mashahidi. Basi nikamtuma Fortunati sokoni, akaja na kuku. Nikasimama barazani kwake, nimefungwa bandeji kichwani kama mtu aliyetoka vitani, mbele ya mwanangu, mbele ya jirani wa Kizaramo na mke wake, na mbele ya yule fundi Mpemba ambaye nilimwita makusudi. Nikasema, "Paskalina, nakupa kuku huyu. Tangu leo nitameza mbele yako, nitapiga mwayo mbele yako, na utanishika uso, mpaka ugonjwa huu uishe na hata ukiisha." Akapokea kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Fundi akauliza, "Na mimi nimeshuhudia nini hapa?"

Nikamwambia, "Umeshuhudia mzee akifungua mdomo."

Akasema, "Basi kesho uuachie wazi, baba. Nimechoka kukubembeleza kama bibi harusi."

Baada ya hapo tukawa tunaingia kila siku ya kazi. Hewa inapoingia napiga mwayo mpaka taya linalia, naye Paskalina ananihesabia na kunisifu kama ng'ombe wa maonyesho. Halafu ananivika kinyago cha mpira chenye oksijeni, nalala. Wakati wa kutoka kunakuwa baridi na ukungu mle ndani kama asubuhi ya Juni huko kwetu. Tunaongea wakati huo. Amenisimulia jinsi baba yake alivyoteremka na kupandisha ule mlima wa Muze na mizigo ya mpunga kichwani ili yeye asome uuguzi. Mimi nimemsimulia wewe ulivyokuwa unakojoa kitandani. Hiyo ndiyo siri ya pipa.

Na nilianza kupona. Harufu ikaisha. Nikalala bila kuuma kitu. Siku moja jicho likafumba lenyewe, Paskalina akaliona juu ya kile kinyago, akasahau adabu zote akapiga kioo kumwita fundi aje aone. Daktari akasema mfupa unaanza kuitikia, tusikatishe hata kidogo, tukikatisha ugonjwa utarudi na hasira.

Ndipo yule dereva wenu alipoleta gunia la maharage mlilonitumia, na kwa hilo nashukuru, maharage yalikuwa mazuri. Akaambiwa niko bandarini, akanifuata, akachungulia kioo. Akaona mzee amelala na mwanamke ameinama juu yake anamshika shavu. Hakuuliza. Angeuliza fundi angemwambia. Alirudi na habari hiyo mpaka Laela, akaimwaga stendi, na kutoka stendi ikapanda ikafika kwako, nawe badala ya kumtimua ukaita wazee.

Habari za kuku alikuandikia Fortunati, nawe unajibu kwamba kuku wa kununuliwa sokoni hafungui kitu, lazima awe wa banda la mwenyewe. Nani kakwambia? Baba hakusema hivyo. Unaandika kwamba mashahidi walikuwa watu wa pwani ambao hawajui mila. Walikuwa na macho au hawakuwa nayo? Unataka nitoke na kuku wa bandani kwangu, nipande naye lori na treni, nimlishe njiani mfupa wangu ukioza, ili wewe uridhike?

Na sasa nisikilizeni wote. Kasiano, ulipovunjika mguu kwenye mteremko wa Muze, ukiwa na gunia lako la mpunga, nani alikubeba? Sema hapo ulipo. Mkamwana wako alikubeba mgongoni, miguu yako ikiburuta, mikono yako imemzunguka shingo, mchana kweupe, watu wa mnada wanaangalia. Hakukuwa na kuku wala neno. Mimi nilikuwa mkubwa wa ukoo siku hiyo na mimi ndiye niliyesema asitokee mtu kuligusa jambo lile, binti ameokoa mtu. Wewe ulilala kitandani kwako unakunywa supu. Hukukumbuka mbuzi wa kusafisha. Leo mimi nikiwa mbali umekikalia kiti changu, umekiona kitamu, ukatafuta kesi ya kukikalia nayo.

Matokeo yake ni haya. Baba yake Paskalina amemwandikia binti yake. Ameandika maneno machache tu, kwamba amesikia kwa watu wa ukoo wa mumewe, kwamba aibu imemlaza, na kwamba asiingie tena kwenye chuma kile na baba mkwe wake mpaka yeye mwenyewe aseme. Yule mzee hana kosa. Aliambiwa na wazee wenye mvi, angefanyaje.

Paskalina alikuja barazani na barua ile mkononi akasema, "Baba, nimekatazwa." Akaondoka. Fortunati alikwenda kumwomba daktari aingie yeye, daktari akasema kuendesha winchi si kuchoma sindano. Tanki limekaa wazi. Tangu hapo harufu imerudi. Maumivu yamerudi, naandika huku nimeegemeza kichwa ukutani, ndiyo maana mistari inapanda. Hamkuniua kwa uchawi wala kwa panga. Mnaniua kwa adabu.

Hapo niliiacha barua hii kwa kuwa mkono ulichoka. Naendelea leo.

Asubuhi hii nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nasubiri sindano. Paskalina amekuja amevaa sare, amebeba ile kanzu ya pamba imekunjwa. Hakupiga magoti. Alisimama mbele yangu akaniangalia usoni kama mtu na mtu, akasema, "Baba, vaa. Fundi amekwisha washa mashine."

Nikamwambia, "Baba yako amekukataza."

Akasema, "Nimemwandikia kwamba nimemsikia."

"Na ukamjibu nini?"

"Kwamba alinisomesha uuguzi yeye mwenyewe."

Nikavaa. Tukaingia. Mle ndani hakunihesabia wala kunisifu, alikuwa analia kimya kimya huku ananifunga kinyago. Nilipotoka kwenye ukungu ule nilimwuliza kama anaogopa. Akasema haogopi tanki, anaogopa kwamba amezaliwa na baba mmoja tu, na huyo amemkaidi.

Kwa hiyo, Kasiano, sikwambii tena uniokoe mimi, binti amekwisha kuniokoa, na ameniokoa kwa kuivunja amri ya baba yake. Hilo ndilo mlilomfanyia. Sasa utafanya hivi. Utafunga viatu vyako, utashuka Muze kwa miguu, na huo mguu wako uliovunjika, ukiupita mteremko ule ule. Hutamtuma mtu. Ukifika kwa mzee yule utapiga magoti nje ya mlango wake, wewe mwenye mvi, utapiga makofi, na utasema kwa mdomo wako kwamba ukoo wetu ulimdanganya, kwamba binti yake ni safi na amemponya kaka yako. Usiondoke mpaka akuambie inuka. Halafu umwombe, kwa jina langu, amwandikie mtoto wake neno lolote, hata kama ni salamu tupu.

Wasalimie wale wenye kusalimiwa. Msalimie mke wako, ambaye najua alikwambia usiite kikao kile, maana ana akili kukuzidi. Msalimie sana mkamwana wako aliyekubeba, mwambie baba mkubwa bado anakumbuka. Msalimie dada yetu wa Milanzi, mwambie shavu limepanda. Msalimie balozi, aendelee kujisomea. Wazee wa kikao siwasalimu mpaka nisikie Muze imesema nini.

Nikipona nitarudi kwa lori la mtu mwingine. Paskalina na Fortunati nitakuja nao. Tutafikia kwangu, atapika yeye, nitakula naye sahani moja, mlango ukiwa wazi, mkipita njiani mnaona. Atakayekuja kukaa nasi akala, huyo ndiye ndugu yangu. Kama Muze haijasema kitu mpaka siku hiyo, mahali pako kwenye sahani ile atakaa baba yake Paskalina, nitakayemfuata mimi mwenyewe.

Ni mimi kaka yako mkubwa, ambaye bado ni mkubwa,
Gaudensi